Taigweile, Salamu ya Wachina wa Reli

Mwaka 2018 binti yangu alirudi kutoka kazini Sandton, akavua viatu mlangoni, akaniambia kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu kwamba serikali imetangaza Kiswahili kitaanza kufundishwa katika shule za Afrika Kusini. Kwa hiari, alisema. Shule itakayotaka. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikamjibu, "Wamechelewa." Maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikwisha kuingia shuleni miaka miwili kabla ya tangazo lao, na hakikupita mlango wa serikali. Kilipita mlango wa Kichina.

Nitasimulia bila majina, wala si kwamba nimeyasahau. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo majina ya watu sikuwa na pa kuyaandika ila kichwani, na yote bado yamo, hata la Mchina wa kwanza aliyenunua ndizi kwangu, hata la mbwa wa kambi yao. Lakini binti yangu amesema watu hawapendi kuandikwa. Basi.

Tunaishi Berea, hapa Johannesburg, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyekwenda kuizika. Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wa vijana wa huku waliokimbilia Tanzania wakati wa ubaguzi. Walikuwa na kambi yao upande wa Morogoro, nami nilikuwa mpishi pale. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "ongeza." Nchi yao ilipofunguka akanileta huku pamoja na binti yetu, akatupangia nyumba hii, na miaka ikapita, akatangulia mbele ya haki. Tukabaki watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa kike, ambaye mwaka 2016 alikuwa na miaka kumi na yuko darasa la nne.

Serikali ina sera yake ya lugha, na nyumba yetu ilikuwa na yake. Mezani ni Kiingereza, kwa amri ya binti yangu. Kwenye ngazi, na watoto wenzake, mjukuu alisema Kizulu. Kiswahili kilipewa jikoni, mimi na sufuria zangu. Nilipolalamika, binti yangu alinijibu, "Mama, Kiingereza ndicho kinacholipia hiyo nyama unayokaanga." Nikaendelea kukaanga, nyama ilikuwa nzuri.

Mjukuu Kiswahili alikisikia chote. Nikimwambia leta chumvi, chumvi inakuja. Nikimsema vibaya kwa dada yangu kwenye simu, ananuna palepale. Lakini kutoka kinywani mwake halikutoka neno. Nami aliniita gogo, kama watoto wote wa huku wanavyowaita bibi zao kwa Kizulu. Sasa, anayejua Kiswahili anajua gogo ni nini. Ni mti ulioanguka, haukui tena wala haujawa kuni. Miaka kumi niliitwa hivyo kwa upendo mkubwa, nami nikaitika.

Jirani yangu wa chini, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alinipa pole kila siku. "Mama, usisumbuke," aliniambia huku sindano ziko mdomoni. "Batoto ba huku balishamezaka Kiingereza na maziwa. Bangu pia."

Haki ni haki, nami niseme na hili. Mama yangu mzazi alikuwa hajui Kiswahili sawasawa; lugha yake Kipogoro. Siku niliporudi kutoka darasa la kwanza kule Ifakara nikamjibu kwa Kiswahili, alikaa chini akaniuliza kama nimeota mkia. Kwa hiyo nilipomlilia binti yangu kuhusu lugha ya mababu, kuna sauti kaburini ilikuwa inanicheka.

Lakini mtoto huyu hakuwa bubu wa Kiswahili tangu mwanzo, na hapo ndipo kidonda kilipokuwa.

Kila Jumapili baada ya kanisa nampigia simu dada yangu aliyebaki Ifakara. Amenizidi miaka tisa. Tunafungua mazungumzo kwa neno letu la zamani. Yeye husema, "Taigweile!" nami namjibu, "Taigweile!" Hiyo ni salamu ya Kichina. Tuliipata usichana wetu, Wachina walipokuja kujenga reli ya kwenda Zambia wakapiga kambi karibu na kwetu. Mimi na dada tuliwauzia ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha. Kila Mchina akifika kwenye sinia letu, kabla ya neno lolote, alikuwa anatazama ndizi, anatabasamu, anasema "taigweile." Tukaona watu hawa wana adabu, hawanunui bila kusalimu. Tukaanza kuwawahi sisi. Wakitokea tu, "Taigweile! Taigweile!" Walicheka mpaka wanashika magoti, na walinunua vizuri. Tulirithi neno lile kama wengine walivyorithi sufuria za aluminiamu walizoziacha Wachina.

Basi mjukuu alipokuwa na miaka sita nilimpa simu amsalimie dada. Nilimfundisha wiki nzima: mtoto anasema shikamoo, mkubwa anaitikia marahaba. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kasimama wima kama anaapishwa. Dada akasema, "Haloo, mjukuu wangu!" Mtoto akajaza pumzi, akatamka kwa sauti ya kengele:

"Marahaba!"

Simu ya dada ilikuwa imewekwa sauti ya nje na ua mzima ulikuwa unasikiliza. Jamani, kilichotokea! "Bibi kizee kazaliwa Johannesburg!" mmoja alipiga kelele. Watoto wa kule wakapanga foleni kumwamkia: "Shikamoo, bibi! Shikamoo, bibi kizee!" Dada mwenyewe alicheka akakohoa. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, ndilo ninalolijutia. Mtoto alinirudishia simu kwa mikono miwili, akaingia kabatini akajifungia. Miaka minne hakugusa simu ya Jumapili, na Kiswahili chake kikabaki humo kabatini.

Mwaka ule wa 2016 dada akaanza kupoteza masikio. Lilianza la kushoto, likafuata la kulia. Kila Jumapili nilipaza sauti zaidi, mpaka jirani wa Lubumbashi alijua habari zote za Ifakara bila kupanda ngazi. Daktari alimwambia dada kwamba kabla ya Krismasi simu haitamfaa tena. Akaniambia, "Mdogo wangu, sitaki mengi. Nataka nimsikie yule mtoto aniamkie mara moja, kabla masikio hayajafunga duka. Nilimcheka, nataka nimwitikie."

Nilimwambia mjukuu. Akatazama vidole vya miguu, akajibu kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba hawezi. Nilimbembeleza kwa chapati, nikamtisha kwa mbingu. Hawezi.

Ndipo ikaja barua ya shule. Binti yangu alinisomea: kuanzia mwaka huo watoto wa darasa la nne wanaweza kuchukua Kichina kama lugha ya ziada, kwa hiari. Mjukuu alikuwa amekwisha kujiandikisha, kwa sababu mwalimu anatoa stika za panda, yule dubu wa Kichina. Binti yangu alifurahi. Alisema Kichina ni lugha ya kesho. Nikamuuliza, "Na ya jana nani anaifundisha?" Akaniambia supu inaungua.

Mtoto alianza kufanya mazoezi nyumba nzima. Kumbe Kichina kina sauti nne: ya kwanza imenyooka, ya pili inapanda, ya tatu inashuka halafu inapanda, ya nne inaanguka kama kitu kilichotupwa dirishani. Neno moja, ma, ukilitamka hivi ni mama, ukilitamka vile ni farasi. "Ma, ma, ma, ma," asubuhi mpaka jioni. Alimwita mama yake farasi mara zisizo na idadi, wala hakuona haya. Nilimtazama nikastaajabu. Lugha ya watu aliikosea kutwa bila woga, kwa kuwa hapakuwa na Mchina sebuleni wa kumcheka. Yake mwenyewe aliiogopa kama mbwa aliyemng'ata.

Kisha tukaitwa mkutano wa wazazi kuhusu hicho Kichina. Binti yangu alikuwa kazini, nikaenda mimi, na mjukuu pembeni yangu anitafsirie kwa Kizulu, Kiingereza kikipita kasi. Ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alisema dunia inabadilika. Mzazi mmoja mwenye tai nyekundu akasimama akapinga kwa ukali. Alisema Waafrika tumetawaliwa vya kutosha, hatuwezi kukubali tena lugha ya kigeni ije kukalia vichwa vya watoto wetu. Alisema yote hayo kwa Kiingereza safi, tukampigia makofi. Bibi mmoja wa makamo yangu akasimama naye, akasema kwa Kizulu kwamba mjukuu wake Kizulu chenyewe hakijui, sasa mnamletea Kichina cha nini. Mwalimu mkuu akamshukuru sana gogo, akaomba mtu amtafsirie maneno yake kwa Kiingereza ili yaandikwe, kwa sababu kumbukumbu za kikao haziandikwi kwa Kizulu.

Halafu akamwita mwalimu wa Kichina. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, hana hata miaka thelathini. Alijitambulisha kwa jina la Kiingereza, jina fupi la malkia. Nilishangaa. Kumbe hata Kichina, ili kiingie darasani, kinabadilishwa jina mlangoni kwanza. Alisimama mbele ya watu wale waliokunja nyuso, mikono ameikamata kwa mbele, na nikaona kabisa kwamba anaogopa. Nikamhurumia. Ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu. Mimi kidogo cha lugha yake ninacho. Nikaona leo ndiyo siku yake.

Nikasimama. Mjukuu alinivuta sketi: "Gogo, kaa chini." Sikukaa. Nikanyoosha mkono juu na kutoa sauti ile ya kuita wateja kwenye reli:

"Taigweile!"

Vichwa vyote vikageuka. Yule mwalimu akafungua macho nyuma ya miwani. Nikaona hakusikia vizuri, nikaongeza kwa tabasamu, "Taigweile, mwanangu! Taigweile!"

Mwalimu mkuu akamuuliza, "Gogo anasema nini?"

Msichana akawa mwekundu. Akajibu polepole kwa Kiingereza, na mjukuu akaninong'oneza kwa Kizulu huku amejifunika uso kwa mikono: "Anasema gogo amesema ni ghali mno."

Sijamaliza hata kushtuka, ukumbi ukalipuka. Makofi, miluzi, vigelegele! "Gogo yuko sawa!" "Ada ni ghali!" "Sare ni ghali!" Mwenye tai nyekundu alivuka viti kuja kunishika mkono, akaniambia mimi ni shujaa wa watu. Yule bibi wa Kizulu alirukaruka kidogo kwa miguu yake mibovu. Nami nimesimama katikati, mdomo wazi, miaka arobaini na mitano inanipita mbele ya macho na sinia la ndizi kichwani. Ghali mno! Kumbe wale Wachina walikuwa hawatusalimu, walikuwa wanalia na bei. Na sisi, wauza ndizi, tulikuwa tunawakimbilia barabarani tukilalamikia bei yetu wenyewe!

"Mungu wangu wee," nikasema peke yangu, "kumbe tulikuwa tunasema nini?"

"Mlikuwa mnasema ghali mno," sauti ikajibu kwa Kiswahili. "Shikamoo, bibi."

Nikageuka. Alikuwa yule msichana wa Kichina, amekuja hadi safu yetu, ameinama kidogo. Niliitikia marahaba kwa kuwa mdomo uliizoea. Akili ilikuwa bado haijafika. Akaniambia alisomea Kiswahili chuoni kwao, kisha akakaa Dar es Salaam miaka miwili. Nikataka akae nasi, nikamwonya, "Njoo huku, mwanangu, ile kiti imevunjika."

"Kile kiti kimevunjika," alisema, kisha akaziba mdomo. "Samahani sana, bibi! Ni ualimu tu."

Nilicheka mpaka machozi. Miaka ishirini na kitu Berea, na majirani wa kila nchi, viti vyangu vilikuwa vimegeuka vyote kuwa "ile." Nimelia kila siku kwamba mtoto kapoteza lugha, nimekuja kusahihishwa yangu na Mchina, mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Nisahihishe, mwalimu. Mimi darasa la tatu tu."

Nilimwomba jina lake la kweli, lile la mama yake. Alilitaja mara tatu, nami nikalirudia mpaka likakaa. Liko hapa mpaka leo.

Akamtazama mjukuu. "Na wewe, kwa nini hujaniambia kwenu kuna Kiswahili?"

Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba yeye hakijui. Nami, sijui kwa nini, nikamsimulia mwalimu habari ya marahaba. Sikuisimulia kwa kicheko safari hii. Msichana akasikiliza, akaketi, akasema:

"Mimi siku ya kwanza Dar niliingia hotelini nina njaa. Nilitaka kusema nataka kula. Lakini sisi kwetu l na r zinatusumbua. Nikasema kwa sauti kubwa, nataka kura! Naombeni kura! Mhudumu akaniuliza, 'Dada Mchina, unagombea jimbo gani?' Walinipigia makofi hoteli nzima. Mpaka nilipoondoka waliniita Mheshimiwa."

Mjukuu alicheka. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba kicheko kile kilikuwa ushahidi, maana hadithi yote ilikuwa ya Kiswahili, na kichekesho kiko ndani ya herufi moja. Mwalimu akamnyooshea kidole: "Hujui, eeh?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, watu wawili waliotoka mkutanoni walinipungia mikono kutoka garini, "Ghali mno, gogo!" nami nikawapungia. Mtoto alinitazama muda mrefu. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama sikuona aibu. Nikamwambia niliona, ilikuja ikanishika shingo, halafu ikachoka ikaniachia. Taa ikawaka kijani tukavuka.

Jumapili ilipofika nilipiga simu kama kawaida. "Taigweile!" dada akanguruma, kwa kuwa asiyesikia hudhani na wenzake hawasikii. Kabla sijamjibu, mkono mdogo ulikuja ukaichukua simu sikioni kwangu, ukaiweka sauti ya nje. Sikumwomba, na siku hiyo hapakuwa na chapati.

"Shikamoo, bibi," mjukuu akasema.

"Eeh? Nani?" dada akauliza. "Sisikii!"

Miaka minne kulitoa neno, na limetoka limekuta mlango umefungwa. Nilijua sasa atairudisha simu kwa mikono miwili. Lakini mtoto alikunja uso kama anapofanya mazoezi yake, akajaribu tena, "moo" ikapanda juu mwishoni kama swali.

"Sisikii, mama!"

Akajaribu ya tatu, ikashuka ikapanda, kama mtu anayepita kwenye shimo la barabara.

"Nani huyo? Mchina?"

Basi akatoa ya nne, ile ya kutupa kitu dirishani. "Shikamoo!" Cherehani ya fundi wa Lubumbashi ilisimama kule chini.

Kisha dada akasema, bila kupaza sauti hata kidogo, "Marahaba. Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba, mama." Akairudia mara nyingi kama anayelipa salamu za miaka yote minne. Hakucheka mtu.

Niliipokea simu. Nilikuwa na habari moja kubwa ya kumpa dada, tena ilinikereketa wiki nzima: kwamba salamu yetu si salamu, kwamba tulikuwa tunalalamikia ndizi zetu wenyewe mbele ya wateja. Nikaanza kupaza sauti, "Dada wee, lile neno letu la Wachina, kumbe..."

Mjukuu akanivuta mkono. Macho yalikuwa yanacheka, lakini kidole kilikuwa mdomoni. Akaninong'oneza, na sauti zote mahali pake:

"Usimwambie, bibi."

Nikameza. Dada kule alikuwa ananguruma, kumbe nini, kumbe nini? Nikamwambia, "Kumbe mtoto naye analijua!" Nikamrudishia mtoto simu, naye akaishika kwa mikono miwili, akaaga kama watu wa kwao:

"Taigweile!"